Mafuta ya Kirangozi

Naapa kwa Mwenyezi Mungu, kwa mkasi wangu wa ufundi, na kwa meno yangu manne yaliyobaki: haya nitakayosimulia ni kweli tupu. Majina mawili matatu nimeyabadili kulinda heshima za watu, lakini mengine yote yalitokea hivyo hivyo, sijaongeza chumvi hata punje. Na msije mkadhani natania. Yule pale jogoo wangu mwekundu, aliyefungwa mguu kwenye nguzo ya baraza. Atakayenikamata na uongo, namkabidhi jogoo pamoja na kamba yake. Jirani yangu Nikolaus, mstaafu wa reli, tangu asikie hayo hajamwondolea jogoo macho.

Basi.

Mwaka wa sita wa vita vya Hitla alikuwepo hapa Tabora kijana mmoja, tumwite Lukumani. Kijana wa Mtendeni, mrefu, mtanashati, mwenye ulimi ambao ungeweza kumuuzia nyuki asali, na nyuki akaomba na ya kupeleka nyumbani. Kazi hakuwa nayo, shughuli alikuwa nazo. Alikuwa pia na jozi moja ya viatu vya rangi mbili, kahawia na nyeupe, aliyomla karani mmoja wa stesheni kwenye karata. Vilimbana. Lakini kwa kuwa popote alipokwenda alipakiwa nyuma ya baiskeli ya rafiki, akining'iniza miguu ili watu waione, kubanwa hakukumsumbua.

Kilichomsumbua ni Tatu, binti wa Mzee Feruzi, fundi cherehani wa kule Cheyo. Binti alikuwa mzuri mpaka watu waliokuwa na nguo nzima walizichana ili wazipeleke kwa baba yake zikashonwe. Mzee Feruzi naye magoti yalikuwa yamemchakaa. Miaka thelathini ya kukanyaga cherehani si mchezo.

"Mahari ya ng'ombe sitaki," alimwambia Lukumani. "Nitawafuga wapi, uvunguni? Mimi nataka cherehani ya kuzungusha kwa mkono, miguu yangu ipumzike. Ipo moja dukani kwa Mhindi, na Mhindi haitoi ila kwa nta. Frasila mbili, safi."

"Nimekuelewa, mzee wangu."

"Hujanielewa bado. Mwisho Ijumaa ijayo. Watu wakitoka msikitini na cherehani haipo hapa, namjibu yule mfanyabiashara wa samaki wa Kigoma aliyemposa."

Siku hizo nta ilitafutwa na Serikali kama dhahabu. Lukumani hakuwa na mzinga wala nyuki, na muuza samaki alikuwa na nyumba mbili za bati.

Alikuwa amekaa sokoni akiwaza hayo, ndipo alipowaona watu wa Sikonge. Walikuwa kama kumi hivi, wameketi karibu na bomba la maji, kila mmoja kaloweka miguu kwenye karai, wanaugulia. Petroli ilikuwa ya vibali, malori yalikuwa ya kubahatisha, kwa hiyo walikuja na mizigo yao ya nta kwa mguu, maili arobaini na tano. Walikuwa na malengelenge kwenye visigino, baina ya vidole, mpaka kwenye mfundo wa kidole gumba. Mtu mwingine angeiona miguu ile akasikitika. Lukumani aliitazama akaona cherehani.

Siku mbili baadaye alishuka Sikonge kutoka kwenye lori la chumvi, amevaa kanzu nyeupe, begani gunia linalolia kwangala-kwangala. Ndani mlikuwa na makopo sitini matupu ya dawa ya viatu, aliyoyaokota jalalani nyuma ya kambi ya askari na kuyasugua kwa mchanga mpaka yakang'aa. Akaomba kwa watu wanane bonge moja moja la nta "la kutazamia ubora", akaomba kwa mchinjaji shahamu ya mbuzi "ya dawa ya kifua", akachuma mchaichai nyuma ya kanisa bila kuomba. Akajifungia, akayeyusha, akakoroga, akajaza.

Kesho yake alisimama juu ya kinu kilichopinduliwa, akavua kiatu.

"Wazee shikamooni! Kina mama shikamooni! Tazameni unyayo huu. Mnauona? Njoo, baba, papasa, usiogope. Una ufa? Una sugu? Laini kama shavu la mtoto! Na unyayo huu umekwenda Ujiji, umekwenda Bagamoyo, umerudi!"

Kusema kweli, unyayo ule safari yake ndefu kabisa ilikuwa kutoka Mtendeni mpaka stesheni, nayo ulipumzika njiani.

"Siri ni nini? Babu yangu! Babu yangu alikuwa kirangozi, mshika njia wa misafara, mtu wa mbele, mwenye baragumu na manyoya kichwani. Alikwenda pwani mara kumi na nne bila lengelenge hata moja! Na hakupitwa, ndugu zangu. Mnaijua desturi ya msafara? Hakuna kumpita kirangozi! Kirangozi hasimami kabla ya kambi, hapakiwi, habebewi, na siku akipitwa, mzigo wake ni mali ya aliyempita. Babu yangu hakupoteza hata mzigo mmoja, kwa ajili ya mafuta haya! Paka kabla ya safari, si baada. Paka visigino, paka baina ya vidole. Kopo moja kwa bonge moja la nta, ukubwa wa ngumi mbili. Mimi sifanyi biashara, natimiza wosia!"

Watu wakacheka, watu wakanusa, watu wakaulizana. Halafu akajitokeza bibi mmoja mfupi, mkavu, mwenye fimbo na rozari shingoni. Aliitwa Paskazia. Marehemu baba yake alikuwa mpagazi wa pembe wa enzi zile, na mwanawe wa pekee, Anton, alikuwa amechukuliwa jeshini, yuko Bama huko anapigana na Wajapani. Bibi aliinama akashika mguu wa Lukumani kwa mikono yote miwili, kama mtu anayenunua kiazi. Akaubonyeza. Akaugeuza. Akatabasamu.

"Mjukuu wangu," alisema, "unyayo kama huu sijauona maisha yangu yote."

"Ndiyo, bibi! Waambie!"

"Umekwenda Bagamoyo huu?"

"Umekwenda na kurudi."

"Ajabu ya Mungu. Nipe makopo kumi na mawili."

Kumi na mawili! Lukumani nusura aanguke kutoka kwenye kinu. Alimtazama bibi yule akienda kuleta mabonge yake kumi na mawili ya nta, yote aliyokuwa nayo nyumbani, na rohoni akamwonea huruma, ile huruma nyepesi aliyonayo mtu aliyekwisha kupokea. Baada ya Paskazia kununua, nani abaki nyuma? Kufikia adhuhuri makopo yote yalikuwa yamekwisha na gunia la Lukumani lilikuwa na frasila mbili na ushei, mzigo halisi wa mpagazi wa zamani. Kwa bonge moja la kwao alikuwa amewatengenezea makopo manane, kisha akawauzia kila kopo kwa bonge jipya. Huko shule wanafundisha hesabu, lakini hesabu hiyo hawaifundishi.

Lori lilikuwa lirudi Tabora Jumatano alfajiri. Jumatano alfajiri halikuja lori, alikuja utingo kwa baiskeli.

"Petroli hakuna mpaka wiki ijayo," alisema, akageuza.

Lukumani alikuwa bado amesimama na gunia lake, anatazama vumbi la baiskeli, aliposikia nyuma yake sauti za watu wengi. Akageuka. Watu kama thelathini, kila mmoja na mzigo wake wa asali au wa tumbaku, ngata vichwani, miguu imepakwa inang'aa kwa mafuta. Mbele yao Paskazia, mikono mitupu, fimbo tu, na kwenye fimbo amefunga manyoya matatu ya kuku.

"Mwangaluka, kirangozi!" alimwamkia. "Sisi tunakwenda Tabora. Mungu ametuletea mjukuu wa kirangozi mlangoni, nasi twende bila kirangozi? Vaa manyoya yako."

"Bibi yangu, mimi... nilikuwa nasubiri usafiri."

"Kirangozi hapakiwi. Si ulisema mwenyewe?"

"Nilisema, lakini—"

"Au miguu ile haikwenda Bagamoyo?" aliuliza Wenceslaus, mrina asali mwenye pengo, akiwakonyeza wenzake. "Maana kama haikwenda, na mafuta si ya babu, tutaomba nta yetu turudishiwe."

Lukumani akahesabu haraka. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Akauona uso wa Tatu, akauona uso wa muuza samaki. Akainama, manyoya yakachomekwa kofiani, gunia likapandishwa kichwani.

"Twendeni," alisema kwa sauti ya babu ambaye hakuwahi kuwepo.

Lengelenge la kwanza lilizaliwa saa tatu asubuhi, kisigino cha kulia. Lilikuja kwa adabu, kama mgeni anayepiga hodi: joto kidogo, mkwaruzo kidogo. Saa tano lilikuwa limeshaingia ndani na kuita ndugu zake. Mchana kila kiatu kilikuwa na ukoo wake, na viatu vile vya rangi mbili vilianza kuonyesha rangi ya tatu. Soksi hakuwa nazo. Mafuta je? Hapo ndipo Lukumani alipoona aibu kwa mara ya kwanza katika maisha yake: makopo sitini alitengeneza, sitini akauza, hakujibakizia hata la kupaka ukucha.

Nyuma yake msafara ulikuwa unaimba. Sauti ya Paskazia ilimfikia kila mara, akiwafunza vijana.

"Wenceslaus! Unachechemea."

"Pananipa joto hapa kwenye kidole, bibi."

"Basi simama sasa hivi, usingoje pachubuke. Likishakuwa lengelenge umechelewa. Futa mchanga. Kausha jasho vizuri, mguu uliolowa huchubuka kama ndizi iliyoiva. Paka mafuta, vaa ndara zako, twende."

"Na kirangozi naye apumzike?"

"Kirangozi hasimami kabla ya kambi," alisema Paskazia kwa heshima kubwa. "Mwacheni, anafuata desturi."

Kambini jioni Lukumani alivua viatu. Sitaeleza alichokiona, pengine kuna watu wanakula. Akamwendea Wenceslaus kwa magoti.

"Ndugu yangu, hebu nipe kidogo katika yale mafuta."

"Mafuta ya babu yako?"

"Hayo hayo."

"Bei si unaijua?" alisema Wenceslaus, akilipuliza kopo vumbi taratibu. "Bonge moja, ngumi mbili. Na hii si biashara, kirangozi. Tunatimiza wosia."

Watu walicheka mpaka moto ukayumba. Lukumani alifungua gunia, akatoa bonge, akalipa. Alipaka. Malengelenge yaliyafurahia mafuta yale kama wageni wanavyofurahia chai, yakazidi kukaa.

"Hayasaidii!" alilalamika.

"Yanazuia, hayaponyi," alisema Paskazia kutoka upande wa pili wa moto. "Kabla ya safari, si baada. Hata wewe ulitwambia, juu ya kinu."

Hapo ndipo kijana alipogundua jambo la kutisha kuliko malengelenge. Mafuta yake ya uongo yalikuwa ya kweli! Nta na shahamu ndiyo dawa waliyojipaka wapagazi tangu zamani. Watu thelathini walikuwa wanatembea kama wanakwenda harusini, na mtu mmoja tu katika msafara mzima alikuwa ametapeliwa, naye ndiye aliyevaa manyoya.

Alhamisi alinunua makopo matatu zaidi, mawili ya kupaka viatu kwa ndani. Akatembea kwa visigino, vikakataa. Akatembea kwa vidole, vikakataa. Akatembea kwa kingo za miguu kama kaa. Lakini gunia hakulitua, na kupitwa hakupitwa. Kila alipotaka kukaa chini alimwona muuza samaki amekaa barazani kwa Mzee Feruzi anakunywa kahawa, akanyanyuka.

Ijumaa, jua likikaribia utosini, wakaziona nyumba za Cheyo.

Na hapo, wasikilizaji wangu, ndipo uanaume wa Lukumani ulipojulikana. Alivuta pumzi. Alisahau maumivu. Alichukua baragumu, akalipuliza, mji mzima ukatoka nje! Akaingia Cheyo mbele ya watu thelathini, kifua mbele, hatua ndefu, bibi Paskazia kabaki nyuma huko anatweta anaomba maji. Gunia likatua dukani kwa Mhindi, cherehani ikatua kwa Mzee Feruzi, muuza samaki akapanda gari moshi analia. Lukumani akamwoa Tatu siku hiyo hiyo, wakahamia mbali sana, wala sijui leo wako wapi. Na hivyo ndivyo—

"Tatu ni nani?"

Hiyo si sauti ya mtu wa hadithini. Ni sauti ya mke wangu Mwanamkuu, amesimama mlangoni na sinia la karanga.

"Nimekuuliza, Mzee Selemani. Miaka arobaini na miwili nimekupikia, leo naitwa Tatu?"

"Mwanamkuu, hii ni hadithi tu ya kijana mmoja—"

"Kijana mmoja! Baragumu ulilitoa wapi, kwenye gunia la nta? Nikolaus, shika sinia hili. Watu wote nao wasikilize, maana mimi nilikuwa barazani kwa baba yangu siku ile, nikamwona kwa macho yangu huyo Lukumani wake."

Nikolaus akashika sinia kwa mkono mmoja. Mkono mwingine tayari ulikuwa karibu na kamba ya jogoo.

"Alikuja pekupeku," alisema Mwanamkuu, "viatu amevitundika shingoni, anakanyaga kama kuku aliyeingia kwenye majivu ya moto. Zimebaki hatua ishirini kufika kwetu. Ishirini! Bibi Paskazia, umri wake sitini na ushei, akatoka nyuma na fimbo yake, wala hakukimbia. Akasema, 'Hodi, kirangozi,' akampita. Akaketi kwenye ngazi ya baraza letu, akanyoosha miguu yake. Haikuwa na lengelenge hata moja."

"Upepo ulinisukuma nyuma," nilisema.

"Gunia likatuliwa. Bibi akaanza kugawa nta, kila mtu na bonge lake, yeye akachukua yake kumi na mawili. Wakamshukuru, Nikolaus! Wakampa mkono mmoja mmoja! 'Ahsante, kirangozi, kwa kutubebea.' Bibi akasema, 'Mwanangu Anton yuko Bama, mgongo wangu hauwezi. Nikasali nipate mpagazi. Nilipoushika unyayo wako nikajua hujatembea popote, nikasema, huyu hapa, Mungu amejibu, tena kamleta na viatu vya rangi mbili.'"

Baraza zima lilikuwa linagaragara. Nikolaus alikuwa anafuta machozi kwa mkia wa jogoo.

"Na baba yako alisema nini?" aliuliza.

"Baba aliuliza, 'Cherehani iko wapi?' Huyu akakaa chini kwenye vumbi akalia. Si kwa malengelenge, mimi nilijua analia kwa nini." Sauti ya Mwanamkuu ilipungua kidogo, kisha ikarudi pale pale. "Watu walikuwa wanaelekea msikitini, na muuza samaki amekaa pale na kikombe chake. Bibi Paskazia akamwambia baba, 'Mzee Feruzi, mimi nimetembea nyuma ya huyu siku tatu. Mwongo, tena mwongo wa daraja la kwanza. Lakini kwa miguu ile, mzigo hakuutua. Wewe unataka nini hasa, cherehani ya mkono, au miguu ya kukanyagia hii uliyo nayo?' Baba akafikiri. Akaitazama miguu yenyewe, akakunja uso. Akasema, 'Ikipona, ianze Jumatatu.'"

"Na ikaanza Jumatatu," nilisema, maana hapo palikuwa pa kweli.

"Akakanyaga cherehani ya baba yangu miaka miwili ndiyo tukaoana. Ufundi huu anaojigamba nao ndipo alipoupata." Mwanamkuu akainama. "Na kama kuna anayebisha, kidole kidogo cha mguu wa kulia hakina ukucha. Uliachwa njiani. Lete mguu, mume wangu."

Sikuleta. Akauchukua. Kiatu kikatoka, soksi ikatoka, na baraza zima likajisogeza kuchungulia kidole changu, wengine wakavaa miwani.

"Hakina," alisema Nikolaus kwa sauti ya hakimu. "Hakina kabisa. Jogoo ametoka."

"Kwa nani?" niliuliza. "Maana wewe Nikolaus hujanikamata, umeshika sinia tu."

"Kwangu," alisema Mwanamkuu. "Na Nikolaus atakula paja, kwa kuwa ameshika sinia vizuri. Kamfungue, umpeleke jikoni."

Nikainuka, nikamfungua jogoo, nikampeleka jikoni, hatua ishirini juu ya kokoto, mguu mmoja pekupeku, kwani kiatu Mwanamkuu alikuwa bado amekishika.